Karakana ya Kalamu Nne

Kalamu Nne alikuwa ameegemea kaunta ya Fundi Redio, akisubiri simu yake itengenezwe bure kwa mara nyingine, pale bahati ilipoingia kibandani ikiwa imevaa miwani na kubeba kikapu cha nyaya.

Bahati yenyewe ilikuwa mwalimu wa hesabu, mama wa makamo mwenye sauti ya kunyamazisha darasa zima.

"Fundi, nigawie kona ya meza yako," alisema. "Jana nimeunguza kitambaa cha meza ya sebuleni nikiyeyusha risasi ya kuungia nyaya. Mume wangu kaniambia nichague, yeye au risasi."

"Ukachagua nini?"

"Sasa mbona niko hapa?"

Nyuma yake aliingia karani wa bima, kijana nadhifu ambaye mchana aliandika barua za kukataa madai ya watu, na jioni aliandika programu za kompyuta ili kuitakasa roho yake.

"Afadhali wewe, mwalimu," alisema. "Mimi nimetengeneza kifaa cha kumwagilia maua. Kina nyaya nyekundu na taa inayokonyeza. Mama mkwe kaja kututembelea, kakiona chini ya kitanda cha wageni, kaita polisi."

Fundi Redio akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Jamani, meza yangu ndiyo hii, sahani ya wali ni kubwa kuliko hii. Tungepata chumba kimoja tu. Kila mtu alete kifaa chake, tutumie wote, tufundishane."

Mtu mwenye moyo angesikia hapo kilio. Kalamu Nne alisikia mnada.

Jina hilo alipewa kwa ajili ya kalamu nne zilizopangwa kwenye mfuko wa shati lake kama askari wa gwaride. Hakuna aliyewahi kuziona zikiandika. Lakini katika mji huu, mtu mwenye kalamu moja ni mwanafunzi, mwenye mbili ni karani, na mwenye nne haulizwi kitambulisho.

Akakohoa kikohozi cha kiofisi.

"Ndugu zangu, mmesema chumba? Mimi ndiyo kazi yangu. Karakana ya jamii. Elektroniki, programu, uvumbuzi. Nilikuwa natafuta watu wenye vichwa, na leo Mungu kanionyesha vitatu kwa mpigo."

Vichwa vitatu vikainuka kwa pamoja. Ukitaka kumwibia mjinga, msifie mali yake. Ukitaka kumwibia msomi, msifie kichwa, mali atakuletea mwenyewe.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na ghala tupu lililowahi kuhifadhi magodoro. Sasa lilihifadhi njiwa. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja aliyejulikana kama Mama Ghala, mwenye nyumba za kupangisha na moyo wa kufuli.

"Mama, hivi unataka ukumbukwe kama mfadhili wa njiwa?" Kalamu Nne alimwanza.

"Mimi sitaki kukumbukwa, mwanangu. Nataka kodi."

"Kodi ni kitu gani! Nakuletea mtambo kutoka ng'ambo, mama yangu. Unachapa vitu. Siyo karatasi, vitu! Ukiuelekeza kikombe, unatoa kikombe."

Mama Ghala akasogeza kiti. "Na vitasa vya milango? Wapangaji wangu wanavunja vitasa kama vile wanavitafuna."

"Mama, vitasa ndiyo mazoezi yake ya asubuhi."

Ufunguo ukatoka kwenye kanga ya Mama Ghala, ambako inasemekana hakuna kilichowahi kutoka bila risiti.

Basi pakabaki kutafuta mtambo. Kalamu Nne aliokota kabati la chuma lililotupwa nyuma ya hospitali, akalipaka rangi ya fedha na kulitoboa matundu. Ndani akatia vitaa vya mapambo, jiwe kubwa la kuleta uzito wa heshima, na feni ya mezani ili livume. Nje akabandika utepe mwekundu: HATARI, MIALE. USIFUNGUE.

Feni ilikuwa ya dada yake.

Dada huyu ndiye aliyekuwa akimlaza na kumlisha tangu mke wake alipogundua kwamba ndoa nayo ilikuwa mradi. Alikuwa mshonaji, na chumba chake cha cherehani kilikuwa na bati juu na dirisha dogo kama tundu la barua. Bila feni, wateja walipimwa nguo wakiwa wima wakatoka wamelegea.

"Feni yangu iko wapi?"

"Dada, kuna mradi..."

"Sikukuuliza kuna nini. Nimekuuliza feni iko wapi." Alikata uzi kwa meno. "Nisikilize, mtoto wa mama yangu. Jumamosi jioni feni ikiwa haijarudi pale ilipokuwa, godoro lako utalikuta nje, na mimi nitakuwa nimelala usingizi mzuri sana."

Hakuwa anatania. Dada zake wengine wawili walishamfukuza, na shangazi alikuwa amehama mji bila kuacha anwani. Hili ndilo lilikuwa paa la mwisho katika ukoo. Lakini Kalamu Nne alikwishapanga kwamba Jumamosi jioni atakuwa mbali, tajiri, chini ya paa la hoteli.

Jumatatu akafungua milango ya ghala, akajitangaza mwenyekiti. Kwa kuwa tapeli wa kweli hupenda sanaa, alitunga wito wa kuvutia wanachama, akaughani amesimama juu ya kreti:

*Njoo na kifaa chako, tukifanye kiwe chetu,*
*Ujuzi wa peke yako, haufai mji wetu!*

Mizani ilikuwa sawa, vina vilikuwa sawa, na nia ilikuwa imeandikwa waziwazi katika mshororo wa kwanza. Watu walipiga makofi. Ndiyo hasara ya kusikiliza ushairi kwa masikio tu.

"Sharti ni moja!" akaongeza. "Haingii mtu hapa bila kuweka mezani kifaa kimoja kinachofanya kazi. Atakayekuja mikono mitupu, hata awe waziri, atabaki mlangoni."

Wakaleta. Mwalimu alileta kompyuta mbili na printa. Karani alileta mashine za kupimia umeme alizokuwa akimficha mkewe ndani ya sanduku la viatu. Fundi Redio alileta redio kubwa, vikuza sauti na chuma chake kizuri cha kuchomea risasi, akakiaga kama mzazi anayempeleka mtoto bwenini. Wengine wakafuata na printa zao na chochote walichonacho. Na katikati ya ghala, kabati la fedha likakonyeza na kuvuma.

"Litaanza kazi lini?" aliuliza Mwalimu.

"Jumamosi, kwenye ufunguzi. Sasa hivi linazoea hali ya hewa. Msiliguse!"

Hapo ndipo Kalamu Nne alipofanya kosa, na kosa lenyewe halikuwa la tamaa wala la uvivu, ambavyo alikuwa navyo vya kutosha. Hakuwajua watu wake. Watu wa aina hii wana ugonjwa mmoja: hawawezi kupita mbele ya skrubu wakaiacha ilivyo. Wakinunua saa, kabla hawajajua ni saa ngapi wamekwishaifungua mgongo. Kuwaambia usifungue ni kumwambia paka alinde samaki, tena umpe na sahani.

Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, Karani alirudi ghalani kwa kunyata. Alimkuta Fundi Redio amepiga magoti nyuma ya kabati, bisibisi mkononi.

"Mzee! Miale!"

"Shh! Kama ingekuwapo, ningekuwa nimekwishakufa tangu jana."

"Kwani jana pia ulifungua?"

"Jana nilichungulia. Leo ndiyo nafungua. Shika huku."

Mlango wa kabati ukatoka. Wakatazama. Feni ikawatazama, inazunguka taratibu. Jiwe halikusema kitu.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yao, naye ana bisibisi. Hakuna aliyemwuliza alikuja kufanya nini.

Sasa mtu yeyote mwenye akili za kawaida, muuza karanga, dereva, hata mtoto wa chekechea, angeona jiwe lile akaelewa mchezo wote. Lakini hawa walikuwa na akili zisizo za kawaida. Mwalimu alilipima jiwe kwa macho, akavua miwani, akaifuta.

"Masikini mwenyekiti wetu," alisema. "Ametapeliwa."

"Eh!" Fundi akashika kichwa. "Kauziwa jiwe! Huko ng'ambo kuna watu wabaya jamani."

"Na utepe huu wa hatari," alisema Karani, "wameuweka ili asifungue akagundua. Mbinu hii naijua, tunaona sana kwenye bima."

Wakajaa huruma. Walimfikiria yule bwana wa kalamu nne, Jumamosi, mbele ya mtaa mzima, anabonyeza kitufe na kabati linapuliza upepo.

"Atakufa kwa aibu," Fundi alisema. "Mtu aliyetupa chumba."

"Basi asijue," alisema Mwalimu, kwa sauti ile ya darasani. "Mtambo wa kuchapa vitu ni mota, nyaya, bomba la kuyeyushia plastiki na programu. Tutautengeneza sisi, tuuweke humu humu, yeye abonyeze."

"Mota tutatoa wapi?"

Wote watatu wakageuka kuitazama printa ya Mwalimu.

Wiki ile walikuwa kama nzige wenye elimu. Printa zilitoa mota, kompyuta zikatoa ubongo, redio ikatoa transfoma ya umeme. Mashine za Karani nazo hazikupona. Kila walipotoa nyama walirudisha ganda kwenye rafu na kulifunga skrubu vizuri, ili mwenyekiti akipita asishtuke. Feni waliiacha, maana kila mtambo huhitaji wa kuupoza. Jiwe walilitumia kuzuia mlango.

Ijumaa mchana, wanachama walipokwenda kula, Kalamu Nne aliingia na pikapu ya kukodi. Alipakia kompyuta, printa, redio, kila kitu. Alishangaa jinsi vilivyokuwa vyepesi.

"Nimekuwa na nguvu siku hizi," alimwambia dereva. "Nadhani ni kwa sababu ya kuishi kwa matumaini."

Alipofika kwenye kabati la fedha, alilipiga teke la kwaheri. "Kaa na jiwe lako, mjinga wewe."

Kabati likatoa mlio mdogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Hakugeuka.

Mnunuzi wa vitu vilivyotumika, mama mnene asiyecheka, aliichukua printa ya kwanza akaitikisa sikioni. Akaitikisa ya pili. Akaifungua redio.

"Kijana, umeniletea nini?"

"Mitambo, mama!"

"Hizi ni maiti. Tena zimekwishapasuliwa na daktari." Akafunga dirisha lake.

Dereva wa pikapu, baada ya kusikiliza maelezo marefu na matamu, alimvua viatu na saa badala ya nauli, akabwaga maganda yote jalalani na kumwacha Kalamu Nne kando yake.

Basi Jumamosi, peku, alikuwa amebakiwa na paa moja tu duniani, na paa hilo lilikuwa na bei ya feni. Alirudi ghalani akijipa moyo: ataingia kwa nyuma, afungue kabati, achomoe feni, atoweke.

Ghala lilikuwa limejaa watu. Mama Ghala alikaa mbele na mfuko wa vitasa vilivyovunjika.

"Mwenyekiti huyo!" Fundi alipaza sauti. "Jamani, asante kwa kututolea yale maganda! Tulikuwa tunajiuliza nani atayapeleka jalalani."

Wakamsukuma hadi mbele. Mwalimu mwenyewe akakishika kidole cha mwenyekiti na kukiweka juu ya kitufe. Kalamu Nne alifumba macho, akabonyeza, akangoja upepo.

Kabati likanguruma. Likatoa harufu ya plastiki moto. Polepole, tabaka juu ya tabaka, likaanza kujenga kitasa.

Mama Ghala akapiga kigelegele. Kalamu Nne akaketi sakafuni. Miaka yote alikuwa amedanganya watu, na hakuna uongo wake hata mmoja uliowahi kumfanyia utovu wa adabu kama huu: kugeuka kweli mbele ya watu.

"Samahani," ilisema sauti kutoka mlangoni. "Hiyo si feni yangu?"

Dada yake aliingia, futi ya kupimia shingoni, akachungulia kwenye matundu ya kabati. "Ndiyo yenyewe. Na uzi mwekundu niliofunga hapo huu hapa."

"Haiwezekani, mama," alisema Karani. "Mtambo huu umetoka ng'ambo."

"Ng'ambo ya barabara, baba. Nyumba ya tatu."

Mwalimu alipiga hesabu ya feni, jiwe, maganda yaliyotoweka na miguu isiyo na viatu, na kwa mara ya kwanza wiki ile akapata jibu sahihi. Mama Ghala alivua kandambili.

"Ngoja kwanza," alisema dada mtu. "Sharti la kuingia humu ni nini?"

"Kifaa kimoja kinachofanya kazi," alijibu Fundi. "Alilitunga yeye."

"Basi feni ibaki, ni yangu, nimejiunga. Nitakuja kushonea humu humu, kuna hewa. Wewe, mtoto wa mama yangu, weka chako mezani."

Kalamu Nne alipapasa mifuko. Akatoa kalamu zake nne, akazipanga. Karani alizijaribu moja moja kwenye kiganja. Hakuna iliyoandika.

"Anacho kimoja tu kinachofanya kazi," alisema Mwalimu. "Mdomo."

Wakampeleka mlangoni, nje ya kizingiti, na kumwagiza awaite wapita njia kwa maneno yake yaleyale. Usiku wa leo, dada yake alimwahidi, atalala ndani ikiwa angalau mtu mmoja ataitikia.

Alipanda kreti. Alikohoa kile kikohozi cha kiofisi. Jambo hili alikwisha kulifanya mara elfu bila jasho.

"Ndugu zangu," alianza, "humu ndani kuna mtambo... mtambo ambao... unachapa..."

Akakwama. Sauti ilitetemeka na macho yakakimbia pembeni.

Mpita njia mmoja alisimama, akamtazama juu mpaka chini kwenye vidole vya miguu, akamgeukia mwenzake.

"Twende zetu," alisema. "Huyu anadanganya."