Mdomo wa Mshenga

Jumatatu, 6 Machi 2006
Haroun, mpwa wangu, kanichagua mimi mshenga wake! Si Mselem, jirani yetu hapa ughaibuni, mtaa wa Saltley, anayejiona mufti. Leo kiwandani mwenzangu Baldev kanifundisha Kiingereza cha mitaani. Mtu wa kelele ni gobby. Mropokaji ana big mouth. Nikataka mfano, akanitazama tu. Maneno yote hayo nimemwekea Mselem. Asmahan, binti tunayemposea, akipatikana, mimi navishwa kanzu mpya, Mselem atakaa karibu na viatu.

Siri moja: Haroun ana kipara. Kijana mbichi! Watu wanaona kofia haimtoki, wanadhani ucha Mungu.

Jumamosi, 11 Machi
Acocks Green, kwa wazazi wa Asmahan. Sambusa nzuri, zulia baya. Baba mtu kaenda kusali chumba cha pili, binti akaleta chai. Kazaliwa hapa hapa: msalimu kwa Kiswahili, atakujibu Kiingereza. Lugha imewafia hawa! Haroun akapiga simu, roho juu. Simu inakatakata, nikapaza sauti: asivue kofia mpaka ndoa ifungwe, kipara kikionekana tumekwisha! Binti akamwaga chai. Hajafunzwa. Akasema kwa Kiingereza kuna watu wana gob kubwa, yaani mdomo. Nikaelewa: Mselem kesha kupita hapa.

Jumapili, 12 Machi
Balaa! Kumbe binti Kiswahili anakielewa chote, kukijibu tu ndiyo hataki. Udanganyifu mtupu! Kamhadithia baba yake. Haroun kaja macho mekundu, anasema anampenda na mjomba nimemmaliza. Nikamwambia kipara ni chake, si changu.

Jumatano, 15 Machi
Posa imekubaliwa. Asmahan kipara alishakiona siku nyingi, upepo ulipomvua Haroun kofia kituoni. Hana neno nacho. Sharti lake moja: mshenga abadilishwe. Kapewa nani? Mselem! Kanzu yangu jamani! Haroun kanisihi angalau tarehe ya ndoa isitoke nje, dada yangu anaogopa husuda. Nimeapa.

Alhamisi, 16 Machi
Siri nimeitunza. Nimemwambia mke wangu Jokha peke yake, kwa simu, ghorofani kwenye basi. Yuko Unguja, mbali, ikabidi nipaze sauti: ndoa Jumamosi ijayo, baada ya Alasiri! Kwa Kiswahili, kwa usalama.

Nashuka, nesi mmoja wa Kikenya aliyekaa nyuma yangu akanipa hongera ya harusi. Imemfikiaje? Mselem huyo! Big mouth!