Chatu Aliyenenepa kwa Siku Tano

Jumatatu, 4 Novemba

Mimi Lokossou, miaka themanini na mmoja. Nimewazika wake wawili, machifu watatu, na yule daktari wa zahanati aliyesema nikiendelea na chumvi sitafika sabini. Msufi mkubwa wa sokoni nao umeanguka. Mimi nimesimama. Shule nilisoma miaka miwili tu, mwalimu akahama. Lakini daftari ninalo, na leo kuna la kuandika.

Nimekabidhiwa chatu.

Mayai ya nyumba ya Dangbe, mungu wetu chatu, yalianguliwa mwezi wa nane. Kuhani Degnon ametoa wadogo wawili, mmoja kwangu, mmoja kwa Akpovi, mtoto wa baba yangu mdogo. Tuwalee hadi Jumamosi ya tarehe thelathini. Atakayemrudisha wake akiwa na afya na uzito zaidi, huyo ndiye atakayembeba Dangbe shingoni sikukuu ya Januari. Nimembeba mimi miaka kumi na tisa mfululizo. Akpovi ana sabini na nne, bado mtoto, lakini anawanong'oneza watu kwamba magoti yangu yanatetemeka. Hayatetemeki. Ngoma ndiyo inayotikisa ardhi.

Tumewapima kwa mizani ya Afi muuza pilipili. Wangu gramu tisini na mbili. Wa Akpovi tisini na tano.

Senami, mke wa mwanangu, alifanya kazi miaka minne upande wa Togo kwenye shamba la kufuga chatu. Basi anajifanya anajua. Kaandaa sanduku la mbao lenye kifuniko cha wavu na komeo, majani makavu chini, bakuli la maji, na nusu ya chungu kilichovunjika, kimegeuzwa kifudifudi, ili mtoto ajifiche. Kaliweka karibu na ukuta wa jiko penye uvuguvugu. Kasema panya mdogo mmoja kwa wiki, asizidi unene wa nyoka pale alipo mnene, na akishakula asiguswe siku mbili. Nikamuuliza tangu lini mgeni wa heshima akawekwa chini ya chungu.

"Tangu alipotaka mwenyewe, Baba," kasema. "Tazama."

Nikatazama. Alikuwa ameshaingia.

Jumatano, 6 Novemba

Nimemtoa chini ya chungu. Nimempa akasa, ule ugali laini wa mahindi yaliyochacha, na samaki wa kukaanga, pilipili kidogo, kama tulivyolelewa sisi. Akajikunja mpira, kichwa katikati. Nikamweleza kwamba mimi si mtu wa kuogopwa. Akakaza mpira. Nikamletea yai la kuchemsha. Wapi.

Nimekula mwenyewe vyote mbele yake, polepole, apate kujifunza. Hashiki haraka.

Alhamisi, 7 Novemba

Nasikia Akpovi anamlisha wake panya mdogo asiye na manyoya. Ubahili ule ule wa baba yake. Mimi nimekwenda kwa mtegaji nikachagua panya buku, mkubwa, mzima, masharubu kama ya askari. Nimemtia sandukuni asubuhi. Nikafunga komeo. Nikakaa kuangalia.

Jioni hali ni hii: panya amekunywa maji yote, amekula nusu ya majani, amelala juu ya chungu. Chatu yuko chini ya chungu. Wanazoeana.

Ijumaa, 8 Novemba

Senami kamkuta panya. Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya kwa yule mwanamke. Kavaa gunia mkononi, kamtoa, kamkagua chatu mkunjo kwa mkunjo. Hana jeraha. Kaniambia panya wa namna ile humtafuna nyoka hadi mfupa nyoka akiwa hana njaa. Kisha kaniuliza, chatu akifia nyumbani kwangu, nani atanunua sanda, nani atachimba kaburi, na nani atapita mbele ya mtaa mzima ukilia.

Nikasema nilikuwa namwangalia wakati wote.

"Ulikuwa unakoroma, Baba. Mpaka panya alikuwa hapati usingizi."

Panya buku tumemla na mchuzi wa karanga. Alikuwa amenona. Ushahidi kwamba mimi najua kulisha.

Jumapili, 10 Novemba

Leo amekula. Senami alileta panya mchanga aliyekwisha kufa, kampasha kwenye maji ya moto, kamshika kwa koleo refu la jikoni, kamtikisa kidogo mbele ya chungu. Kichwa kikatoka. Kamata, zungusha, meza. Mimi nilishika taa. Kwa hiyo nimemlisha.

Habari nzuri haikai ndani. Mchana nimewaita watu waje kumsalimu. Wamekuja tisa. Kila mmoja kagusa ardhi kwa paji la uso, na kila mmoja nimempa amvae shingoni, maana kumsalimu Dangbe kwa mbali ni kumdharau. Akpovi naye kaja. Kambeba mwisho, kamtazama sana, kasema ni mzuri ila mwepesi.

Saa kumi na moja jioni panya akarudi. Alitoka kama alivyoingia, ila mbaya zaidi. Harufu imefika kwa jirani.

Ni jicho la Akpovi. Senami anasema ni mikono ya watu kumi, wa kumi nikiwa mimi. Anasema sasa tumbo lake lipumzike siku kumi kamili, maji tu, na hapana wageni. Siku kumi! Wa Akpovi atakuwa amekula mara mbili.

Ijumaa, 15 Novemba

Siku tano zinatosha. Mimi nilipotapika harusini kwa Sagbo nilikula tena usiku ule ule. Nimechukua panya mchanga kutoka kopo la Senami, nimeinua chungu.

Macho ya chatu yamekuwa meupe. Kama maziwa yaliyotiwa maji. Ngozi imefifia. Nikajua mara moja: mtoto wa jicho, kama mimi. Ninayo dawa ya matone niliyopewa zahanati. Nikamtia tone moja jicho la kulia. Nilikuwa naelekea la kushoto Senami alipoingia.

Anasema ni kujivua ngozi. Anasema wakati huu hali, haoni, hataki mtu. Kamfuta jicho, kaweka kitambaa kibichi sandukuni, kwa sababu upepo mkavu wa kaskazini umeanza na ngozi ikikauka hutoka vipande vipande na kubana. Nikajitolea kumsaidia kuivuta. Hapo Senami kasema kwa sauti ndogo kwamba nikigusa hata ncha ya mkia atakwenda kumwita Kuhani na kumpa yale matone ayanuse.

Tangu leo komeo lina kufuli, na ufunguo anao yeye. Nimemruhusu.

Jumatano, 20 Novemba

Ngozi imetoka nzima, kutoka puani hadi mkiani, kama soksi. Yule mdogo anang'aa. Nimeitundika ngozi mlangoni watu waone kazi yangu.

Nikaomba tumpime. Senami kakubali, kambeba mwenyewe ndani ya mfuko wa kitambaa. Kwa Afi tukamkuta nani? Akpovi, na wake. Wake mia na kumi na tatu. Wangu themanini na nane. Amepungua.

Akpovi hakucheka. Aliinama akamtazama kwa huruma kubwa.

"Kaka mkubwa," akasema, "huyu ni chatu au kamba ya kiatu?"

Soko zima likacheka. Hata Afi, ambaye nilimfanyia mumewe jeneza. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Sijalala mchana. Siku kumi zimebaki, na shingo yangu imezoea uzito wa Dangbe kuliko Akpovi alivyozoea nguo safi.

Jumatatu, 25 Novemba

Dangbe mwenyewe amejibu.

Asubuhi nimeingia jikoni kutafuta gari, ule unga wa muhogo. Nyuma ya mtungi, chatu. Mkubwa. Mnene kama mkono wangu nilipokuwa fundi seremala. Nikapiga magoti, nikagusa ardhi, nikamwita Baba, nikamnyunyizia maji. Yote kwa utaratibu.

Utaratibu unasema pia chatu akiingia nyumbani kwa mtu arudishwe kwa Dangbe siku hiyo hiyo. Nimelifikiria hilo sana, kama robo saa. Mtu hapelekewi mgeni bila sababu. Kuhani alisema tulete chatu tuliyemlea. Huyu yuko chini ya paa langu. Ana madoa yale yale, rangi ile ile. Kukua ndiyo kazi ya chatu.

Nimemlaza kwenye sanduku langu la nguo, juu ya kanzu ya sikukuu, na nimetoboa matundu. Senami nimemwambia jikoni hakuna kitu.

Jumatano, 27 Novemba

Mtaa umechafuka. Bibi Mkubwa, chatu mzee kuliko wote wa nyumba ya Dangbe, alitoka Jumapili kuwinda kama kawaida yake na hajaletwa. Wanawake wanaimba kumwita. Hakuna anayepika kwa mafuta ya mawese hadi apatikane. Kuhani hajala.

Nimejitolea kuongoza msako. Nilishika kengele. Tumepita nyumba zote, tumeangalia mitaro, mapaa, mabanda ya kuku. Kwangu nilisema nimeshaangalia mwenyewe. Wanasema ana kovu la moto chini ya taya. Wangu sijamtazama taya. Si adabu kumkodolea mgeni macho.

Nimepiga kengele vizuri. Watu wamesema.

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa, miguu kwenye maji ya chumvi.

Ua wa Dangbe ulijaa. Akpovi katangulia. Mia na ishirini na moja, mzima, macho maangavu. Watu wakapiga makofi. Kisha mimi. Nimefungua kapu. Mizani ya Afi ikagonga chini, ikabidi waongeze jiwe la pili. Kilo moja na gramu mia sita.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilidhani ni mshangao.

Kuhani Degnon kaniuliza alikuwa anakula nini. Nikasema chakula cha nyumbani. Kaniuliza kwa muda gani amefika hapo. Nikasema nyoka wangu walikuwa wakikua haraka tangu enzi za baba yangu. Kuhani akainama, akaweka kidole chini ya taya ya chatu. Mzee yule machozi yakamtoka.

"Lokossou," akasema, "huyu nilimkuta humu ndani nilipoletwa nikiwa kijana. Siku sita sijala. Wewe ulishika kengele."

Nikasema kengele niliipiga kwa moyo wote.

Nilitaka ardhi inimeze, lakini kwa dakika moja tu. Maana Senami akatokea kwa nyuma na lile sanduku la mbao. Kumbe alikuwa amesubiri zile siku kumi, akamlisha mdogo tarehe ishirini na moja na tena juzi, panya wa kipimo, akamwacha atulie. Gramu tisini na nane. Kuhani akamgeuza, akamtazama mdomo, tumbo, mkia. Akasema huyu hana ubaya wowote, amepata mlezi. Akasema abaki kwa Senami, na mimi nisimguse.

Januari atambeba Akpovi. Limeshasemwa mbele ya watu. Akpovi hakunitazama. Sikumtegemea kuwa na adabu ile.

Kisha hukumu yangu. Nimvae Bibi Mkubwa shingoni, nipite nyumba kwa nyumba mtaa mzima, na kila mlango nipige magoti niseme mbele ya wenyewe: nilimficha. Milango sitini na tatu. Magoti yametetemeka kuanzia mlango wa arobaini, naandika kwa kuwa daftari ni langu. Senami alitembea nyuma na ndoo ya maji, kila mara akininyanyua kwa kwapa. Kwenye mlango wa hamsini alisema tu, "Polepole, Baba. Bado kumi na tatu."

Watu walitoka wote. Walilia kumwona Bibi Mkubwa. Waligusa ardhi mbele yangu, mmoja mmoja, hata machifu, hata wale wa soko.

Jumapili, 1 Desemba

Nimelala vizuri, nimeamka nimepiga hesabu. Sikukuu ya Januari Dangbe hupitishwa barabara moja, toka uani hadi sokoni na kurudi. Mimi jana nimepita mtaa mzima. Akpovi atabeba chatu wa kawaida. Mimi nimebeba Bibi Mkubwa. Basi mwaka wa ishirini ninao tayari, na umeipita yote kumi na tisa.

Senami kaenda kanisani, ufunguo kasahau kwenye msumari. Kuhani alisema nisimguse mdogo. Kumlisha hakulitaja. Nimetumia koleo. Gramu tisini na nane ni aibu kwa nyumba yangu, basi nimempa panya wawili, wa pili mkubwa kidogo. Ameingia kwa taabu lakini ameingia. Tumbo limetuna vizuri sana. Saa kumi watakuja wageni kumi na wawili kumbeba, waone.

Kama kuna atakayesema nimetia chumvi humu, amuulize Kuhani Degnon, aliyelia. Amuulize Afi kuhusu jiwe la pili. Amuulize Akpovi, ingawa ana wivu. Senami asiulizwe leo. Aulizwe kesho.