Kosa la Kutanguliza

Jumatatu, 3 Machi
Mtihani wa udereva ni Alhamisi. Mke wangu ametangaza mezani kwamba atakayepata leseni ndiye atakayeshika ufunguo wa gari letu la mikate. Wagombea ni mimi na mama yake. Mama mkwe, anayeiita gia "kile kijiti"! Nimecheka hadi chai ikanitoka puani.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi. Nimewasha waipa badala ya indiketa. Kosa dogo tu! Lakini nikabaki nalo kichwani. Mwalimu akasema kushoto, nikasikia, nikasahau papo hapo. Tukaibukia kulia, uani kwa kinyozi. Kinyozi akauliza kama nataka kupunguza pembeni.

Mwalimu anadai kwamba ukikosea, akili hubaki inalikodolea macho kosa, na maelekezo mapya yanakosa pa kukaa. Eti dawa yake ni kuvuta pumzi na kuendelea. Mama mkwe naye kazima injini kila njia panda. Kila mara anasema, "Haya, tena!" anacheka, anawasha. Hana hata aibu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata mpango! Kama kosa ndilo linalonivuruga, basi nilitangulize, liishe. Kesho nitakosea makusudi mwanzoni kabisa, kisha niendeshe kwa raha zangu. Nimemweleza mke wangu. Kanitazama weee, halafu kaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepiga honi bila sababu. Kosa safi kabisa! Mtahini karuka, kalamu imemdondoka. Nami nikaanza kuwaza: limehesabika hilo? Au niongeze kidogo? Hapo mtahini akasema jambo kuhusu kuegesha. Jambo gani? Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Tumeegesha, ndiyo. Juu ya maua ya ofisi yao.

Mama mkwe kaanza kwa kurudi nyuma badala ya kwenda mbele. "Samahani baba, njia ni ile," kamwambia mtahini, kacheka, kaendelea kama maji. Amefaulu!

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe usukanini, mimi nyuma na trei. Anaimba. Sauti mbaya, lakini wimbo mtamu, nikajikuta naitikia. Kwenye kona anapaza sauti: "Mwanangu, shikilia mikate!" Kisha kanirushia mmoja aliokuwa nao mbele, bado wa moto. Mchana mzuri mno, siwezi kukataa.

Tena nimegundua nilipokosea. Honi ina kelele, lazima akili igutuke. Mtihani ujao nitakosea kimyakimya.