Ng'ombe Wanne wa Kuingia Kwenye Gemu

Watu wakitazama filamu, Urbano huwatazama watu. Ndivyo alivyomwona Ngeleja, mfugaji Msukuma wa Milepa, ndani ya banda la video la Bertilla pale Sumbawanga, miaka ile ambayo kila mwenye deki aliitwa mfanyabiashara. Kwenye televisheni, askari wa chuma walioshuka kutoka nyota nyingine walikuwa wakimfukuza shujaa juu ya mapaa. Wote walikaa. Ngeleja peke yake alisimama, kofia mkononi, akimwelekeza shujaa njia kama mwanawe.

"Kushoto, ng'wanawane. Kushoto kuna kichaka."

Shujaa akaenda kulia. Ngeleja akasonya kwa uchungu wa kweli.

Urbano alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Mzee Oswaldi wa Msanzi alikuwa amemtamkia kwamba mahari ya binti yake Zita ni ng'ombe wanne, wafike kabla ya Pasaka, la sivyo Zita anaolewa na mwalimu mmoja wa Kate. Urbano hakuwa na hata kuku. Alikuwa na gemu la televisheni alilolinunua Tunduma, televisheni ndogo ya kutumia betri ya gari, na ulimi.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Ngeleja walipotoka. "Umeona yule jamaa alivyopotea njia?"

"Marahaba. Mjinga yule. Kazaliwa mjini."

"Ungepewa umwendeshe mwenyewe, je?"

Akamweleza polepole, kama katekista na watoto wa komunyo ya kwanza. Yeye ni fundi wa magemu. Filamu ile ndiyo anayoigeuza kuwa gemu. Unashika kidude, unabonyeza, shujaa anakwenda utakako wewe, si atakako Mzungu.

Jumamosi akateremka Milepa na mitambo yake. Akafunga nyaya kwenye betri, na kwenye kioo kikatokea kindege kinachopiga mawe angani.

"Shujaa yuko wapi?" Ngeleja aliuliza.

"Yumo ndani ya ndege."

"Na askari wa chuma?"

"Nyuma ya mawe. Hii ni hatua ya kwanza tu, mzee. Gemu ni kama shamba, huvuni siku uliyopanda."

"Na ng'ombe?"

Filamu nzima haikuwa na ng'ombe hata mmoja. Lakini tapeli mwenye heshima zake hasemi hakuna.

"Ndicho kilichonileta," alisema Urbano. "Askari wa chuma watakuibia ng'ombe, nawe utawafukuza mpaka mwezini. Ila lazima wawe ng'ombe wako wa kweli. Wataalamu wako Dar, wanawapima, wanawaingiza kwenye mashine."

Akachomoa futi ya fundi cherehani. Akapima pembe, akapima mkia, akapima kwato, akiandika kwenye daftari kwa uso wa bwana mifugo. "Majike wanne watatosha."

Kija, mke wa Ngeleja, aliyekuwa akitikisa kibuyu cha maziwa, alikohoa. Mumewe hakugeuka.

"Wachukue," alisema. "Mashine ibaki, watoto waizoee."

Urbano nusura acheke. Mashine ile yote haikufikia thamani ya mguu mmoja wa ng'ombe. Wakaitwa majirani wawili. Ngeleja akamtaka awataje ng'ombe kwa rangi zao, mmoja mmoja, kisha anywe maziwa yao mbele ya wote. Urbano akataja, akanywa, akafuta midomo. Wasukuma hawa, alijiambia, wana adabu hata wakitapeliwa.

Kuupanda mlima kutoka bondeni Milepa, akiswaga ng'ombe, kulimvua soli zote mbili. Alipofika Msanzi, Mzee Oswaldi aliwazunguka ng'ombe mara tatu, akaagiza pombe ya ulezi. Zita alileta kata akiwa ameinama, akicheka pembeni mwa mdomo. Urbano alikuwa ameifikisha kinywani pale baiskeli tatu ziliposimama uani.

"Hodi," alisema Ngeleja. "Hapa ndipo Dar es Salaam?"

Pombe ikapita njia isiyo yake.

"Mzee, umetufikiaje?"

"Kwato hazijui kudanganya." Akamwamkia Oswaldi kwa heshima, akawaonyesha majirani zake wawili. "Kwetu, mtu akiwataja ng'ombe wa mwenzake kwa rangi na kunywa maziwa yao mbele ya mashahidi, amepokea kuwatunza. Maziwa yake, samadi yake. Ng'ombe wangu, na ndama wangu. Akiuza ni mwizi. Akitolea mahari, sijui nimwiteje mbele ya mkwe."

Oswaldi aliichukua kata mkononi mwa Urbano, akairudisha mezani. Zita hakucheka tena pembeni, alicheka wazi.

"Basi nirudishie mashine yangu," alisema Urbano kwa sauti ndogo.

"Uliiacha kwa maziwa gani? Na mashahidi gani?"

"Kwa hiyo ulijua? Hata habari ya kupima pembe?"

"Nilikaa Mwanza, mwanangu. Gemu kama lile liko kila baa." Ngeleja alikunja kofia magotini. "Bonde limekauka. Huku juu majani yapo, lakini mfugaji mgeni akipandisha mifugo anafukuzwa na serikali ya kijiji. Nilikuwa natafuta mzawa. Nimehangaika miezi miwili, hadi nikaamua nijifariji kwenye video."

Mzee Oswaldi aliwageukia tena wale ng'ombe.

"Mtunzaji akiwatunza vizuri, hapewi chochote?"

"Hupewa mtamba mmoja. Kwa mwaka."

"Miaka minne, basi," alisema Oswaldi, akihesabu kwa vidole. "Yule mwalimu tutamwambia asubiri kidogo, tuone."

"Afadhali," alisema Ngeleja akiinuka, "maana wiki ijayo naleta wengine sita."

Urbano alifungua kinywa. Ulimi ule, uliowahi kumuuzia paroko saa isiyo na mishale, uliuliza tu hao sita ni wa rangi gani.

"Urbano," Zita aliita kutoka nyuma ya nyumba, "yule mwekundu kaingia kwenye ulezi wa baba."

Akashika fimbo, akakimbia.