Saa Nilizompa Kapteni

Jumamosi, 2 Machi

Leo Jiji limeniteua mshauri wa viongozi wake vijana. Wamenibembeleza sana. Nimekubali shingo upande.

Haya, uongo. Sijateuliwa, nimeandikishwa. Binti yangu, anayeishi mbali na kuniamrisha kwa simu, ndiye aliyepeleka jina langu. Kwenye orodha yao niko chini ya "wazee wanaoishi peke yao". Kama magunia yaliyosahauliwa ghalani!

Mpango wenyewe: vijana wa sekondari wajifunze uongozi kwa kutumikia watu. Kila kijana na mzee wake, saa ishirini. Kila siku ya kazi mzee anaandika saa, anatia sahihi, fomu inafungwa ndani ya bahasha, inakwenda ofisini. Kijana akitimiza, anaingia Baraza la Vijana na mwisho wa mwezi anahutubia mbele ya Meya.

Wangu ni msichana wa miaka kumi na sita. Fulana ya Jiji, filimbi shingoni. Nimempa jina Kapteni. Kaniamkia vizuri, kisha kauliza jiko langu lilipakwa rangi lini mara ya mwisho. Kuniuliza mimi! Niliyepaka rangi nusu ya mji huu miaka arobaini! Nikajikunyata, nikasema brashi hata sijui inashikwa upande gani. Akakwangua ukuta saa mbili. Nikaandika mbili.

Kwenye chai akanijaribishia hotuba yake. Anataka kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya shule yao. Rafiki yake aligongwa pale, sasa anachechemea. Mimi nikawa Meya. Nikasinzia kimeya, mdomo wazi. Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Tangu mke wangu atangulie, kicheko humu ndani kimekuwa cha redio tu.

Jumatano, 6 Machi

Bi Sindano, muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili, kapandisha kichwa juu ya ukuta kunitambia. Naye kapewa kijana. Eti wa kwake ana adabu, wa kwangu anapiga filimbi kama refa. Nikamwambia wa kwake mrefu bure, afungwe kamba aanikiwe nguo. Akasema afadhali kamba kuliko mimi, kigingi kisichofunga hata mbuzi. Mwanamke huyu!

Lakini nimegundua siri yake. Mchana kutwa kamfanyisha kijana kazi, kisha kamwandikia dakika arobaini na tano. Sababu? Vumbi nyuma ya kabati. Ubahili gani huo! Hata saa, zisizoliwa wala kuvaliwa, anazibania!

Mimi si wa hivyo. Kapteni kapaka koti la kwanza la rangi, saa moja na nusu. Alipokwenda kunawa nikaandika nane. Nikalamba bahasha haraka. Nimepata raha siku nzima, kama niliyeiba embe la mwalimu.

Jumamosi, 9 Machi

Koti la pili la rangi. Saa moja na nusu tena. Nikaandika kumi.

Kapteni kasema jiko sasa linang'aa, na mimi nina jicho la rangi, ningeweza kuwa fundi. Nikajifanya kushangaa. Akaahidi Jumatano tuanze sebule. Nikamwambia sebule ni kubwa, itachukua mwezi. Akasema hana haraka, babu.

Hana haraka! Nimelirudia neno hilo nikiosha vikombe.

Jumatano, 13 Machi

Saa tisa, hayupo. Saa kumi, hayupo. Nimesogeza viti vyote vya sebule peke yangu, mgongo umelia kama bawaba. Saa kumi na moja nikapiga simu ofisini.

Afisa vijana kanipongeza! Kijana wangu kamaliza saa ishirini, wa kwanza katika Jiji zima. Jalada langu limefungwa. Kwa maneno yake mwenyewe: mzee ameshahudumiwa.

Nikapiga hesabu kwa vidole. Mbili, nane, kumi. Ewe mzee mpumbavu, umemfukuza kwa kalamu yako mwenyewe!

Ng'ambo ya ukuta, yule mrefu anaimba akisugua sufuria. Amebakiwa na saa kumi na sita na ushee.

Alhamisi, 14 Machi

Nimevaa koti la harusi, nimekwenda ofisini kufuta saa. Nimekaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi.

Nikamwambia afisa kwamba zile nane, kusema kweli... Akaacha kupiga chapa. Akaniuliza kama fomu ni ya uongo, maana kijana mwenye fomu ya uongo huondolewa kabisa. Nyuma yake ukutani, orodha ya watakaomhutubia Meya. Kapteni juu kabisa, na picha. Katika picha anajizuia kucheka.

Nikakohoa. Nikasema kusema kweli, zile nane zilikuwa pungufu.

Akanipa fomu. Nikamwongezea tatu.

Jumamosi, 16 Machi

Filimbi langoni! Nikakimbia na kiatu kimoja.

Hakukaa. Kaniamkia bila kunitazama. Ameona karatasi zake: ishirini na tatu, na yeye alifanya tano. Nikamwambia nilitaka ang'are. Akasema, babu, umeniponza. Atasimamaje mbele ya Meya kudai haki ya rafiki yake kwa saa za bandia? Ameshakwenda kwa afisa mwenyewe, amesema yote. Hawakumwondoa, kwa kuwa alijileta. Lakini atafanya zile kumi na tano zilizobaki kabla ya hotuba.

Nikasema sebule iko tayari! Akatazama kiatu changu kimoja. Akasema afisa amemkataza kurudi kwangu. Eti mkono wangu mwepesi mno. Atapangiwa mzee mwingine, anayejulikana kwa ukali wa saa.

Jumatano, 20 Machi

Kapangiwa kwa Bi Sindano.

Hatua kumi na mbili kutoka mlango wangu. Nimezipima. Namsikia akiambiwa arudie kona ile. Anarudia. Wanacheka wote watatu. Sijui wanacheka nini.

Sikukaa bure. Nimejaza ombi jipya kwa Jiji, kwa jina la babu yangu, macho mabovu, goti bovu. Nimeomba pia fomu ya saa mapema, na hiyo nimeshaitia sahihi: saa ishirini zote, mstari kwa mstari. Mtoto atakayekuja asisumbuke. Ataona mwenyewe kwamba mimi si Bi Sindano.

Na wewe Kapteni, karatasi hii nakurushia juu ya ukuta, nimeifunga kwenye jiwe dogo. Nilikusikiliza hotuba mara nne bila kudai chochote. Sasa nadai kidogo tu: ukifika kwenye madirisha yake, anza na yale yanayotazama kwangu. Na usiyafute haraka.