Uzinduzi wa Insulini Kikoneni

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliyetumwa na mgeni rasmi kwa kuwa naye ametumwa kwingine. Chifu wetu Mzee Nzai. Naibu wa Chifu na msaidizi wa naibu. Maimamu wetu watukufu na wachungaji wetu wapendwa, nani atangulie msinikasirikie. Bi Gillian wa mahoteli ya Diani, uliyetuletea hema. Ndugu zetu wa Mkongani mliokuja na lori. Na ninyi wagonjwa wa sukari mlio juani, kwa sababu hema limejaa sisi: itifaki imezingatiwa. Asalaam alaykum! (Waalaykum salaam!) Bwana asifiwe! (Amina!)

Mimi, Onesmus Chirau, Mratibu Mkuu wa Kitengo cha Upatikanaji Endelevu wa Dawa, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu, na unyenyekevu wangu unajulikana hadi Mackinnon Road. (Makofi kutoka hemani.)

Leo tunazindua baiosimila. Msishtuke. Baiosimila ni insulini inayofanana na ile ya bei ghali kama pacha na mwenziwe. Unadunga mara moja, inashika mchana kutwa na usiku kucha, ila hii haimlazimishi mtu auze mbuzi. Na kwa mujibu wa fremuweki tuliyoipitisha katika vikao kumi na vinne, na ziara ya mafunzo ya siku tisa ng'ambo, ambako mimi binafsi nilifunguliwa mafriji ya dawa nikayatazama hadi ndani kabisa, tumefikia asilimia mia moja na saba ya malengo yetu. Hiyo saba ni jasho langu. (Kicheko. Mzee mmoja: "Mbona duka la dawa la hapa lasema halijaiona?") Mzee wangu, duka la dawa halina rodimapu, ile ramani ya utekelezaji.

Tazameni basi! (Anainua kichupa.) Hii hapa! (Vigelegele. Mama mmoja aliyepakata mtungi asimama: "Mwanangu, dawa hiyo haitaki jua!") Ahsante, mama. Mnamwona stekiholda, mdau aliyehamasishwa? Miaka yote mmehifadhi insulini ndani ya mitungi, mkaizungushia mchanga mbichi ipate baridi, kana kwamba serikali haipo. Leo natangaza: mitungi basi! Friji hii mnayoiona, yenye utepe, itafika kila kijiji, hata visivyo na umeme, hasa visivyo na umeme. (Makofi. "Mwanangu, tafadhali, ishushe!") Mama, niyashushe maendeleo? Nitayainua zaidi, wa nyuma nao waone.

Na yeyote atakayeshikwa na kizunguzungu kwa jua hili asiwe na wasiwasi, kuna soda za kutosha. (Wagonjwa watazamana. Muuguzi Loice ajishika kichwa.)

Semeni nami! Sukari chini! (Chini!) Kwale juu! (Juu!) Friji kila kijiji! ("Kichupa kivulini!")

Nikihitimisha, namshukuru Bwana Shutu wa duka la vinywaji, aliyetuazima friji hii; ataichukua adhuhuri, tukishamaliza kunywa yaliyomo. Na shukrani za pekee zimwendee mama huyu mwenye mtungi, Bi Mwanapili, aliyetujia asubuhi na kichupa chake, alichonunuliwa na bintiye huko Mombasa, kilichobaki na dawa ya siku nne tu, akauliza kikiisha atapata wapi kingine. Nasi, kwa kuwa shehena yetu bado haijaagizwa, na fomu ya kuiagizia bado haijachapishwa, na uzinduzi bila kitu cha kuinua ni aibu, tukamwomba atuazime. Mpigieni makofi! Njoo, mama, kitu chako hiki hapa. Shika upande huo, nami nishike huu, tupigwe picha.

(Bi Mwanapili akikifumbata kichupa: "Mwanangu, kimeshapata moto. Siku nne zangu hizi nitakwenda nazo wapi?")

Swali zuri sana, limepokelewa. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Jamani, mpeni mama soda.