Kabureta ya Baba kwenye Pikapu ya Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti
Mama hakutoka chumbani leo pia. Tangu tumzike Baba, chakula anakigusa tu na kukirudisha. Zamani Baba hajafika mlangoni, Mama keshasimama jikoni. Alimsikia!

Gari la Baba liko uani, injini imepasuka. Jumapili shemeji, mume wa dada, analiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lakini mngurumo ule wa gari aliokuwa akiusikia Mama hutoka kwenye kabureta, nimesoma. Shauri langu: niifunge kwenye pikapu ya shemeji, anayepita hapa kila jioni. Mama atasikia, atainuka, atakula. Nani kasema karani hana akili? (Shemeji. Mara nyingi.)

Jumanne, 5 Agosti
Geti letu hulia kama mbuzi. Ningepitaje na spana nisiulizwe? Nimepaka bawaba grisi. Kimya kabisa! Mtu mwangalifu huanza na madogo.

Kabureta nimeifungua. Nimeiosha kwa mafuta ya taa kwenye sufuria ya Mama. Ubavuni imetokea namba. Nimeinakili mara tatu, isije ikapotea.

Jumatano, 6 Agosti
Fundi wa gereji ya karibu na ofisi kasema namba ile ni ya kalibu tu, umbo la kusubia chuma, haitambulishi kitu. Kibati chenye jina la aina yake kiling'oka zamani. Kaingiza kidole kwenye koo la kabureta, akacheka. Ni ya injini kubwa, pikapu itakunywa petroli mpaka ilewe. Matundu ya boliti nayo hayalingani.

Nilimshukuru. Watu wengine hukata tamaa mapema. Nitachonga kibati cha kuunganishia.

Jumamosi, 9 Agosti
Shemeji hulala baada ya chakula cha mchana. Nikavuka kwake, nyumba ya pili. Nikaifunga kabureta kwa kibati changu. Ikawaka!

Moshi mweusi. Shuka za dada kwenye kamba zikawa za wachoma mkaa. Shemeji akatoka na taulo kiunoni. Angenigombeza, ingekuwa afadhali. Aliketi kwenye ngazi, akasema pikapu ile ndiyo inayolisha nyumba zote mbili, ya kwangu ikiwemo.

Lakini iliunguruma! Mngurumo wenyewe! Nikakimbia kwa Mama kumuuliza kama amesikia.

Alisema amesikia lori la mtu, bovu. Akanipangusa masizi usoni kwa ncha ya khanga.

“Baba yako alikuwa akizima gari kule juu kilimani, likateremka lenyewe. Alibana petroli, maskini. Mimi nilimjua kwa geti. Nalo sasa limenyamaza, mwanangu. Kama vile linajua.”

Sikumwambia. Nilirudisha sahani yake jikoni, imejaa.

Jumapili, 10 Agosti
Gari la Baba limeondoka, limevutwa kwa mnyororo. Geti lilifunguka kulipisha bila hata kunong'ona.

Nimesugua bawaba kwa mafuta ya taa, nikazimwagia maji ya chumvi, mchanga pia. Kimya. Grisi ile ilikuwa nzuri mno.

Hata hivyo, geti la shemeji linalia sauti ileile, nzito kidogo tu. Nimelisikiliza nikiwa nyuma ya ua. Bawaba zake ni kubwa kuliko zetu, na matundu hayalingani na ya geti letu. Si neno. Kibati kimebaki.

Shemeji amekwisha kula. Sasa hivi atalala.